Alama Nyekundu Kwenye Kona ya Mto

Kazi ya ramani niliijulia kwenye sabuni. Nilikuwa Makindu, nimeajiriwa na mfanyabiashara wa jumla aliyesambaza sabuni, unga na mafuta ya kupikia katika maduka ya kando ya barabara ya Mombasa. Kutwa nilikaa mbele ya kompyuta nikimtengenezea dashibodi, yaani ukurasa mmoja wenye michoro na namba zinazobadilika unapobonyeza, ili aone duka gani linauza na lipi limelala. Programu ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa biashara, lakini ndani yake mlikuwa na ramani. Kila duka lilikuwa duara dogo, na mauzo yakipanda duara linanenepa. Mwajiri wangu alipenda kuikodolea macho asubuhi kabla hata ya kunywa chai.

Mama yangu, anayeishi karibu na Mbumbuni, aliniuliza kwenye simu kazi yangu ni gani hasa.

"Natengeneza dashibodi, mwaitu," nilimwambia. Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama.

"Dashibodi ya gari?"

"Ya kompyuta."

Alikubali, lakini najua kanisani aliendelea kuwaambia wenzake kwamba mwanawe anatengeneza magari, na mimi sikumsahihisha tena.

Baadaye nilipata kazi Kitui mjini, katika mradi mdogo wa mazingira uliofuatilia hali ya visima na mito ya mchanga ya Kitui na ya kwetu, upande wa Makueni. Walikuwa na data nyingi ambayo hakuna aliyeisoma. Watu wa mradi walikuwa wametembea kando ya mito wakiwa na simu, wakipiga picha na kuandika maji yanapatikana wapi na kina gani. Wataalamu wengine walikuwa wamelinganisha picha za setilaiti za miaka tofauti wakaona kingo za mto zimeliwa wapi. Yote hayo yalikaa kwenye majedwali marefu. Mkuu wangu alikuwa mama wa Kiislamu aliyekulia kaskazini mashariki, mtu wa sauti ya chini, ambaye alikuwa ameona maji yakigombaniwa tangu utoto wake. Aliniuliza kama ile programu ya biashara ingeweza kuonyesha mito badala ya maduka. Nikamwambia inawezekana. Kwa programu hiyo duka na kisima ni kitu kimoja: mahali penye namba.

Haikuwa rahisi nilivyodhani. Mara ya kwanza nilipoingiza visima vya Kitui, vyote vilitokea kaskazini ya mbali, jangwani, kwa sababu sisi tuko kusini mwa ikweta na mtu fulani alikuwa amesahau ile alama ya kutoa mbele ya namba za latitudo. Nilivirudisha. Nikaweka rangi: kijani mahali kingo ziko salama, machungwa mahali zimeanza kubomoka, nyekundu mahali mto umeharibika kabisa. Nikaweka kitelezi cha miaka, ukikivuta unaona rangi zikibadilika. Na ukibonyeza alama yoyote, kisanduku kilifunguka chenye maelezo na picha iliyopigwa pale mtoni. Picha zilikuwa mamia. Niliziunganisha zote kwa pamoja, jina la faili kwa jina la alama, bila kuzifungua moja moja. Hakuna anayefungua picha mamia moja moja, nilijiambia.

Tuliionyesha kwa mara ya kwanza pale kijijini Tulia, mbele ya kamati ya maji. Nilibonyeza kisima kimoja kilichokauka na kisanduku kikafunguka. Juu yake, kwa herufi nene, paliandikwa: Mauzo, sifuri. Nilikuwa nimetumia mpangilio wangu wa zamani wa Makindu nikasahau kubadilisha neno. Mzee mmoja wa kamati akauliza kwa upole, "Kwani hicho kisima tulikuwa tunakiuza kwa nani?" Watu wakacheka. Nilisikia masikio yakinichoma. Siku hiyo nilidhani hiyo ndiyo aibu ambayo ramani inaweza kumletea mtu. Nilirudi ofisini nikabadilisha kila neno mpaka nikaridhika.

Mkutano uliofuata ulipangwa Mbumbuni, nyumbani. Nilimpigia mama kumjulisha. Alifurahi kuliko nilivyotarajia.

"Ni ramani ya nini?"

"Ya maji."

"Basi chai ni yetu," akasema. "Kina mama wa kanisa tutapika. Usiwaache watu wa mradi wabebe chai kutoka Kitui kama hawana wenyeji."

Lazima niseme kidogo kuhusu mama. Baba alipofariki nilikuwa nimeanza sekondari. Mama alichukua kile alichoachiwa akanunua lori kuukuu lenye kichwa cha buluu. Nyuma yake alimwambia mchoraji aandike ASANTE BABA WATOTO. Watu wa kanisani walisema mjane anunue ng'ombe, lori litamfilisi. Halikumfilisi. Alitafuta dereva na wapakiaji, na yeye mwenyewe akawa anakaa pale wanapopakia, amejikinga jua kwa mwavuli wake wa mistari ya njano na nyeupe, akihakikisha hawalali. Lori lilinisomesha mimi na dada yangu. Nilipokuwa nikirudi likizo niliambiwa limeenda kubeba matofali, au kokoto, au nyasi za ng'ombe, na mara nyingine ni kweli nililiona na matofali. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa mtoto, halafu nikawa mwanafunzi, halafu nikawa mtu mzima mwenye mshahara, na bado sikuuliza.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Tulitundika shuka nyeupe ukutani na projekta ikawekwa juu ya viti viwili. Intaneti ilitoka kwenye simu yangu. Watu walijaa, wakulima, wenye maduka, mchungaji, wanakamati wa mto, na mkuu wangu alikaa karibu na mlango. Mama alikuwa nyuma pamoja na wenzake, mitungi ya chai imepangwa mezani, amevaa gauni lake la Jumapili. Nilipoanza kuzungumza nilimwona akimgusa jirani yake kwa kiwiko.

Safari hii mambo yalikwenda vizuri. Niliwaonyesha mto mzima kutoka juu. Niliwaonyesha mahali watu wanachimba mchangani kupata maji, na jinsi maji yanavyobaki chini ya mchanga muda mrefu baada ya mvua, na jinsi yanavyotoroka mchanga ukiondolewa. Nilivuta kitelezi cha miaka. Mstari wa mto ulikuwa kijani, ukaanza kugeuka, na kwenye kona moja ukawa mwekundu. Ukumbi uliguna.

"Hapo ni kwetu," alisema mwanamke mmoja aliyekaa mbele. Nilimjua vizuri, ni jirani yetu, anaimba kwaya moja na mama. "Hiyo kona ndiyo tulikuwa tunachota maji. Siku hizi tunaenda mbali. Bonyeza hapo penye nyekundu tuone."

Nikabonyeza.

Kisanduku kilifunguka na picha ikaanza kushuka polepole, kwa sababu intaneti ilikuwa dhaifu. Ilianza mbingu. Zikafuata ncha za miti. Ikaja sehemu ya juu ya kichwa cha lori, rangi ya buluu. Niliijua ile buluu kabla ya mtu mwingine yeyote, na nilikuwa bado na muda. Nilibonyeza alama ya kufunga. Programu haikunisikia, ilikuwa inashughulika kupakua picha. Nikabonyeza tena na tena, na picha ikaendelea kushuka. Lori lilikuwa limesimama mtoni likiwa limejaa mchanga, limegeuza mgongo kwa mpiga picha. Maandishi yalionekana yote, neno kwa neno. Na pembeni, amesimama juu ya ukingo uliobomoka, alikuwapo mtu mwenye mwavuli wa njano na nyeupe.

Hakuna aliyeshtuka kwa sauti. Hiyo ndiyo niliyoikumbuka zaidi baadaye. Kama wangepiga kelele, kama mtu angesimama akalaumu, ningejua la kufanya na uso wangu. Walinyamaza tu. Mchungaji alitazama viatu vyake. Mimi niliendelea kubonyeza huku nimewapa watu mgongo, na sikuwa na ujasiri wa kugeuka kutazama upande wa chai.

Yule jirani ndiye aliyeongea.

"Hiyo picha haionekani vizuri," alisema. "Ipite, tuonyeshe huko chini."

Picha ilikuwa inaonekana vizuri kabisa. Alikuwa amepoteza kisima chake kwenye kona ile, naye ndiye aliyemfunika mama yangu. Ilipofungwa hatimaye, niliendelea na maelezo, lakini sikumbuki hata moja kati ya yale niliyosema.

Kisha chai ikaletwa. Mama aligawa mwenyewe, safu kwa safu, kikombe na mandazi, na kila mtu alipokea kwa mikono miwili akamshukuru. Walimshukuru kupita kiasi. Aliponifikia mimi alinipa kikombe bila kunitazama.

"Kunywa, itapoa," alisema.

Mkuu wangu alirudi Kitui na gari la mradi. Mimi nilibaki kulala nyumbani. Mama alingoja mpaka tulipomaliza kula. Alikuwa akikusanya sahani.

"Ni nani alipiga ile picha?"

"Watu wa mradi. Zamani, kabla sijaajiriwa. Sikuwa nimeiona, mwaitu."

"Ulikuwa nayo kwenye kompyuta yako na hukuiona?"

"Ni nyingi. Sikuzifungua."

Aliweka sahani chini. "Ulijua natoa mchanga?"

Nilitaka kusema sikujua. Midomo yangu ilikuwa imeshaanza. Lakini niliwaza lori likirudi jioni na magurudumu yake yana mchanga uliolowa, na mimi mlangoni nikisoma kitabu, na jibu likabadilika.

"Sikuuliza," nilisema.

"Hukuuliza. Na mimi sikukuambia, kwa sababu hukuuliza. Tulikuwa tunaelewana." Alikaa. "Wakati naanza, kila mtu alikuwa anatoa. Mchanga ulikuwa mwingi, nani angedhani utaisha? Halafu ukaanza kuisha na ninyi mko shule. Ningesimamisha lori niwaambie nini, mrudi nyumbani?"

Jambo lililonitesa si kwamba alikuwa amekosea. Pale ukumbini, picha ikishuka, jambo la kwanza nililoomba moyoni ni watu wa mradi wasijue kwamba yule mwanamke ni mama yangu. Sikuombea yeye, nilijiombea mimi. Nilikuwa nimemwona mama yangu akiwekwa ukutani mbele ya kanisa lake, nami nikatamani niwe mtoto wa mtu mwingine. Hilo sikumwambia.

"Unaweza kuitoa?" aliuliza.

"Picha naweza kuitoa. Ile nyekundu siwezi. Hiyo imepimwa kutoka juu."

Alizichukua sahani tena.

"Usitoe yangu peke yake," alisema. "Ukitoa yangu peke yake, kila mtu atajua kwa nini. Toa za watu wote. Kuna wenzangu wengine humo, wana watoto pia."

Niliporudi Kitui nilizifungua picha zote, moja baada ya nyingine, kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Aliyosema mama yalikuwa kweli. Kulikuwa na watu waliobeba makoleo, wanawake walioinama kwenye mashimo ya maji na migongo yao wazi, namba za magari, nyuso za watu ambao hakuna aliyewaomba ruhusa. Nilikwenda kwa mkuu wangu nikamwambia picha zenye watu ziondolewe.

"Hilo tulipaswa kulifikiria sote," alisema. "Kosa si lako peke yako. Ni ile picha ya Mbumbuni iliyokusumbua?"

"Ndiyo."

"Unamjua yule mama?"

"Ni mtu wa kwetu," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, nami nikaelekea mlangoni. Sikuufungua. Nikageuka.

"Ni mama yangu," nilisema. "Yule mwenye mwavuli ni mama yangu."

"Nilijua," alijibu. "Alipokupa chai niliona mnafanana." Halafu akaniambia nikae, akaniagizia maji, na tukazungumza mambo ya kazi mpaka nilipomaliza maji yale.

Nilitoa picha. Alama nyekundu ilibaki. Kila asubuhi nilipofungua dashibodi ilikuwa pale, na ingawa nilikuwa na mito mingine mingi ya kuangalia, jicho langu lilianza na kona ile. Nilizungumza na mama kwenye simu kama kawaida, kuhusu mahindi, kuhusu mguu wake, kuhusu dada yangu. Mto hatukuutaja. Dada aliniambia mama ameacha kwaya. Anaenda kanisani lakini anakaa viti vya nyuma na kutoka kabla ya salamu.

Kisha ikaja data mpya ya setilaiti. Niliiingiza nikasubiri ramani ijipake rangi. Kona yetu haikuwa imebadilika. Lakini juu yake kidogo, mahali palipokuwa kijani, kipande kizima kilikuwa kimegeuka machungwa na ncha yake ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Nilihisi hasira, na nakiri hasira hiyo ilinipa nafuu, kwa sababu sasa kosa lilikuwa la mtu mwingine, la mtu aliyeonywa na hakusikia. Nilimpigia mama papo hapo, sikungoja hata kutoka ofisini.

"Mwaitu, umehamia juu," nilimwambia, bila hata kumsalimia.

"Nimehamia wapi?"

"Juu ya ile kona. Naona hapa. Kingo zinaliwa. Mbona unanifanyia hivi baada ya yote?"

Nilisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Mimi niko jikoni," alisema. "Lori niliuza. Niliuza tangu ule mkutano wako. Aliyelinunua ni mtu wa mbali, simjui vizuri. Kama linafanya kazi mtoni, ni lake sasa."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Hiyo kitu yako inaona mchanga. Haioni mwenye kuchimba. Ulidhani ni mimi tu."

Mwenzangu wa meza ya pili aliinua kichwa kunitazama, akakiinamisha haraka. Nilimwomba mama msamaha. Alisema hakuna shida, mboga inaungua, akakata simu. Nilikaa mbele ya ramani yenye rangi zake zote na nikajua kwamba nimemhukumu mama yangu kwa doa la machungwa, wakati yeye alikuwa ameuza kitu alichonunua kwa machozi ya ujane wake, peke yake, bila kumlilia mtu.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Sikubeba kompyuta. Nilimkuta akifunga mitungi kwenye punda wa kuazima, anajiandaa kwenda kuchota maji, kwa kuwa tangi la mvua lilikuwa limekauka. Nilimwambia anipe kamba nishike mimi punda. Hakukataa, wala hakusema asante. Tulipita ile kona. Niliitazama kwa mara ya kwanza kwa macho yangu tangu nianze kuipaka rangi. Mto ulikuwa umepanuka, na mizizi ya miti ilining'inia hewani. Chini palikuwa pamebaki mwamba mtupu. Mama hakupunguza mwendo wala kuongeza.

"Hapa nilisimamia kazi vizuri sana," alisema, akiangalia mbele. "Hakuna mpakiaji aliyelala."

Sikujua kama anacheka au anajilaumu, na sikuthubutu kumwangalia usoni.

Tulipofika mahali pa kuchota, mbali upande wa chini wa mto, wanawake walikuwa wamepanga foleni kuzunguka shimo lililochimbwa mchangani. Jirani yetu wa kwaya alikuwa karibu kufikia zamu yake. Alituona. Nilihisi uso ukipata joto kama siku ile ya ukumbi.

"Mama, leta mitungi yako hapa mbele yangu," aliita. "Mguu wako najua haukai sawa."

"Nitangoja," mama alijibu. "Mimi nipange nyuma kama wengine."

"Basi ngoja. Na Alhamisi uje mazoezi, sauti ya pili imekosa mtu."

Mama alikwenda mwisho wa foleni, akageuza mtungi mmoja akaukalia. Nilisimama kando yake nimeshika kamba ya punda. Mmoja wa wanawake aliniuliza kama bado niko Kitui, nikasema ndiyo. Mwingine akauliza kama ile ramani inaweza kuonyesha mahali pazuri pa kujenga ukuta wa kuzuia mchanga. Nilisema sijui, nitauliza wanaojua. Zamu yetu ilipofika jua lilikuwa kali na maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo, na mama aliinama ndani ya shimo akachota kwa kibakuli, akinipa nimimine, akichota tena, mpaka mitungi ikajaa.